Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 21: Deni Tunaliandika, Mtoto Je?



Alhamdulillah tumeingia kumi la mwisho. Wapo walioanza itikafu, na wengine tunarudi nyumbani hoi baada ya tarawehe, tumejifunika mablanketi kwa baridi hii ya Sumbawanga. Kabla hujazima simu nakuomba dakika chache kwa jambo ambalo kwa kawaida halipandi mimbari. Tunalionea haya.

Nianze na deni. Mtu akija kwako msimu wa kilimo akasema, "Ndugu yangu, nikopeshe mifuko miwili ya mbolea, nitakulipa tukivuna," unafanyaje? Unatafuta daftari. Unaandika jina lake, idadi ya mifuko, bei, tarehe, na kama umewahi kuumia unamwita na mtu wa tatu ashuhudie. Ukipeleka mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, hakuna anayekadiria gunia kwa macho. Linapanda mizani, unapewa karatasi yako, unaondoka. Hata kama mpimaji ni jirani yako na mnaswali safu moja.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Al-Baqara, inazungumzia jambo hili hili. Waumini wanaokopeshana kwa muda maalumu wanaelekezwa waandike, wawe na mwandishi mwadilifu na mashahidi, na wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Wanavyuoni wengi wanasema amri hiyo ni ya mapendekezo na si faradhi. Sawa. Lakini angalia sababu iliyotajwa ndani ya aya yenyewe: kuandika kunasaidia ushahidi usimame na kunawaweka watu mbali na shaka. Yaani daftari halikuja kwa sababu Waislamu ni wezi. Lilikuja ili wasifikie mahali pa kushukiana.

Sasa swali la leo. Tunaandika deni la mifuko miwili ya mbolea. Mtoto tunamkabidhi kwa nani, na kwa utaratibu gani?

Najua pingamizi linalokuja, maana nimelisikia mara nyingi. "Ustadh, unataka niwashuku ndugu zangu? Nimwambie mdogo wangu asilale chumba kimoja na mtoto wangu? Nimuulize mwalimu wa madrasa kwa nini mlango umefungwa? Hiyo ni dhana mbaya, na Allah ametukataza dhana." Na kweli ametukataza. Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat inatutaka tujiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi, na inakataza kupelelezana na kusengenyana. Hilo si pingamizi la kupuuza. Mtaa ambao kila mwanaume akionekana na mtoto ananyooshewa kidole ni mtaa mbaya, na mtu asiye na kosa akivunjiwa heshima yake hatujui tutamrudishiaje.

Lakini hebu pima. Dhana ni kumchagua mtu mmoja, ukamwekea jambo moyoni bila ushahidi. Utaratibu unaowahusu wote haumtuhumu yeyote. Ukisema, "Nyumbani kwangu mgeni halali na mtoto, awe nani," hujamsema mjomba wala shemeji. Umeweka mizani, na kila gunia linapanda. Anayenuna kwa sababu hiyo umuulize kwa upole kama huwa ananuna pia akipimiwa mahindi.

Kuna tukio la Ramadhani linalotufaa hapa, na lilitokea katika siku kama hizi za itikafu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa msikitini, mkewe Safiyya akaja kumtembelea usiku, naye akatoka kumsindikiza. Wakapita wanaume wawili wa Ansari, wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha na kuwajulisha kwamba aliye naye ni Safiyya. Wakashangaa: nani angemdhania yeye jambo baya? Akawaeleza jinsi shetani anavyopenya ndani ya mwanadamu, akahofia asije akawatia kitu mioyoni. Fikiria aliyefanya hivyo ni nani. Mwaminifu kuliko wote ndiye aliyejitangulia kuondoa giza, bila kusubiri aulizwe, bila kuudhika. Kwa hiyo mwalimu wa madrasa, fungua mlango wewe mwenyewe. Usimbakize mtoto mmoja baada ya wenzake kuondoka. Usimtume chumbani kwako. Na mzazi akipita saa yoyote kuchungulia darasa, mkaribishe. Nayasema haya kwa walimu wetu kwa sababu nawapenda, na kwa sababu msikiti hauwezi kuwadai wengine utaratibu ambao wenyewe hauna.

Je, hofu hii ina msingi au tunajitisha bure? Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili kwa watoto, na ripoti ikatoka 2011. Walihojiwa vijana wa kike na wa kiume wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ni takriban 1 katika 7. Kipigo na ukatili wa mwili uliwagusa karibu robo tatu ya wote, wa kike na wa kiume. Na wasichana waliodhalilishwa, karibu nusu walisema angalau mara moja ilitokea ndani ya nyumba ya mtu. Si porini wala kwa jambazi wa usiku. Ni nyumbani, mahali penye mkeka na birika la chai, kwa mtu ambaye mtoto alifundishwa kumwamkia shikamoo.

Wengi wao hawakumwambia mtu. Wavulana ndio walionyamaza zaidi.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo ninapotaka tukae kidogo, baba na mama, maana utaratibu wa milango na malazi unasaidia, lakini hakuna mzazi anayeweza kuwa kila mahali. Mtoto anakwenda shule, anatumwa dukani Mazwi, anapanda bodaboda, anakaa kwa bibi likizo. Kinachobaki naye ni jambo moja tu: uhakika kwamba akikwambia, utamsikiliza.

Soma mwanzo wa Surat Yusuf. Mtoto anakuja kwa baba yake na ndoto ya ajabu, nyota na jua na mwezi. Ndoto ya mtoto, jamani! Sisi tungesema, "Nenda kachote maji." Nabii Ya'qub (a.s.) anasikiliza mpaka mwisho, anaichukulia kwa uzito, kisha anamwonya asiwasimulie ndugu zake. Ona alipoelekeza onyo. Hakuanza na wageni wa msafara. Alianza na waliokuwa ndani ya nyumba, na alifanya hivyo bila kuwatukana wala kumjaza mtoto chuki. Alimwambia ni shetani ndiye adui wa mwanadamu. Baadaye, walipomwomba wamchukue, alitaja hofu ya mbwa mwitu, na wao wakarudi na kisingizio hicho hicho na kanzu yenye damu ya uongo. Mbwa mwitu hakuwa amemgusa.

Yusuf alikuwa na baba wa kumwambia ndoto. Mtoto wako anaweza kukwambia ndoto? Anaweza kukwambia amevunja kikombe? Hili la kikombe silisemi kwa utani. Mtoto anayechapwa mwiko kwa kikombe anajifunza hesabu rahisi: kikombe ni viboko vitatu, basi jambo lile la fulani litakuwa viboko vingapi? Anakaa kimya. Na mtu mbaya anaijua hesabu hiyo, maneno yake ya kwanza kwa mtoto huwa, "Ukisema, mama yako atakupiga." Nyumba nyingine anakuwa amesema kweli.

Wapo wanaoshika hadithi ya kumwadhibu mtoto wa miaka kumi kwa ajili ya swala wakaifanya leseni ya kila fimbo. Wanavyuoni waliizungushia masharti mazito: adhabu isijeruhi, isiguse uso, isitoke kwenye hasira. Na katika hadithi hiyo hiyo kuna agizo la kutenganisha malazi ya watoto wakifika umri huo, na hilo hatulitangazi kwa sauti ile ile. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, na ameeleza kwamba hakuwahi kusikia kutoka kwake hata neno la kukereka. Miaka kumi! Jaribu siku kumi hizi zilizobaki, huku umefunga na una njaa, uone ugumu wake.

Kumfundisha mtoto kuhusu mwili wake nako kunatushinda kwa haya. Lakini aya ya 58 ya Surat An-Nur inawataka hata watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kuingia kwa wakubwa nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri mtu anapovua nguo, na baada ya isha. Maana yake mtoto mdogo anafundishwa kwamba mwili una sitara na chumba kina mpaka. Basi mfundishe na upande wa pili: mpaka huo ni wake pia. Mwambie kwa maneno ya kawaida kwamba sehemu zake za siri hazichezewi na mtu, na kama ni kuogeshwa au kutibiwa, mama au baba anajua. Mwambie hakuna mtu mzima mwenye haki ya kumwekea siri asiyotakiwa kuwaambia wazazi. Asilazimishwe kukaa mapajani kwa mtu asiyetaka. Ataamkia kwa adabu na inatosha. Dakika tano wakati wa kusubiri futari. Na mvulana naye ayasikie hayo, siyo binti peke yake.

Kidogo niseme la kwetu hapa. Watu husema jina la mji huu maana yake ni tupa uchawi. Bado hatujautupa wote. Mtoto aliyekuwa mchangamfu anaanza kukojoa kitandani, anaogopa kwenda kwa fulani, anakataa shule, anashtuka usiku. Sisi tunasema karogwa, au ana jini, tunampeleka kwa mganga akafushwe moshi. Wengine tunaleta kwa masheikh asomewe. Kumsomea mtoto Qur'ani ni kheri. Lakini kaa naye kwanza, faraghani, umuulize taratibu: kuna mtu amekutisha? Huenda jini lenyewe lina jina na linakula kwenu kila Ijumaa.

Nimesema habari ya kuibiwa amana. Ila amana haipotei kwa kuibiwa tu. Mkulima anajua: unaweza kufunga ghala kwa kufuli, na dumuzi akamaliza mahindi yote ndani, hakuna mwizi aliyeingia. Kutelekeza mtoto kuko hivyo. Hakuna aliyempiga, na anaharibika.

Mvua zikinyesha mnajua kinachotokea. Baba na mama wanashuka bondeni, Muze, Mtowisa, Ilemba huko, wanapiga kambi shambani wiki kadhaa. Nyumbani anabaki binti wa miaka kumi na wadogo zake watatu, debe la unga, na maneno "jirani atawaangalia." Jirani gani? Naye yuko shambani. Huyo binti ndiye mama, ndiye baba, ndiye mlinzi wa mlango usiku. Shule anaikosa. Na yeyote mwenye nia mbaya mtaani anajua nyumba ipi haina mtu mzima. Anakuja na mandazi.

Silaumu umaskini. Najua shamba halisubiri, na mwenye kukaa nyumbani msimu wa kupalilia atalia msimu wa kuvuna. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mashamba yana zamu na watoto hawana? Tukiwa familia nne katika mtaa mmoja, haiwezekani kila wiki abaki mzazi mmoja, wengine wakampalilia? Hiyo ni kazi ya jamaa ya msikiti kuipanga, kama tunavyopanga zamu za futari. Na tunaipanga vizuri sana ile ya futari.

Jambo jingine linatuhusu sisi tunaojivunia ghala la taifa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine! Tatizo halikosi sababu nyingi, maji na maradhi yakiwemo, lakini sehemu yake iko mezani petu. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa uji mweupe asubuhi na ugali jioni, mama yuko shambani tangu alfajiri akiwa na mimba nyingine, mayai yameuzwa, maharage na karanga vimeuzwa, dagaa wa Tanganyika anapita barabarani kwenda mjini. Na pesa ya mavuno baba ndiye anayejua ilikokwenda. Surat Al-Baqara, aya ya 233, inapozungumzia kunyonyesha miaka miwili, inamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Kwa hiyo mtoto asiyekua si kesi ya mama peke yake. Baba anayeshiba futari msikitini na hajui mwanawe wa miezi kumi amekula nini leo, akaulize akirudi.

Nimefika penye ugumu wenyewe. Tuseme limeshatokea. Binti amesema, na aliyetajwa ni ndugu wa damu, au mzee anayeheshimika. Usiku huo huo wanakaa wakubwa wa ukoo. Utasikia: "Tusitiriane. Uislamu ni sitara. Tukienda polisi tutamwaga aibu ya familia." Inatolewa ng'ombe, au laki kadhaa, au binti anaozeshwa kwa huyo huyo. Mambo yamekwisha.

Yamekwisha kwa nani?

Sitara ni sunna kubwa na sitaki kuipunguza. Ukimwona mwenzako amekosea kosa lake na Mola wake, ukalifunika ili atubu, una thawabu. Lakini Imam Nawawi, alipoifafanua hadithi ya sitara katika sherehe yake ya Sahih Muslim, alitofautisha: sitara ni ya mtu asiyejulikana kwa madhara na ufisadi, na aliye maarufu kwa ufisadi inafaa habari zake zifikishwe kwa mwenye mamlaka, kwa sababu kumfunika kunamwongezea ujasiri wa kudhuru wengine. Sasa mtu anayedhuru mtoto, shuka unalomfunika linamfunika na mtoto pia, wakiwa wawili ndani yake. Umemsitiri mkubwa kwa kumvua mdogo. Na ng'ombe aliyelipwa, alikuwa bei ya nini? Heshima ya mtoto si mali ya baba hata aiuze.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya kutelekezwa, ukatili na unyanyasaji. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziwasilishe kwa serikali za mitaa. Yeyote, jirani akiwemo. Kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10 ni maisha. Ni kosa la jinai. Kesi ni ya Jamhuri, wala kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kuifuta.

Na tuwe waadilifu: anayetuhumiwa naye ana haki ya kusikilizwa. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda kwa wanaojua kuchunguza, badala ya kumpiga mtu mawe au kumwachia kwa sababu ana ndevu na kanzu.

Mtoto akikwambia, fanya hivi. Usimfokee, usimuulize alivaa nini. Mwambie amefanya vizuri kusema na kosa si lake. Kama ni jambo la karibuni usimwogeshe, na nguo usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Polisi nenda Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa fomu ya PF3. Ofisa ustawi wa jamii naye aambiwe. Ukishindwa kujua pa kuanzia, au ukiona vya jirani na huna ujasiri, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Na baada ya hapo usimhamishie binti kwa shangazi kijijini kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Abaki nyumbani kwake, kitandani kwake, aende madrasa na wenzake. Mkubwa ndiye aondoke.

Wazazi wenye maswali ambayo hamuwezi kuuliza hadharani, kina mama waonaneni na mwalimu wa kike wa madrasa baada ya darsa la alasiri, kina baba nipo msikitini hadi saa nne usiku siku zote hizi kumi. Kesho in shaa Allah tunarudi kwenye Zakatul-Fitri, maana maswali ya pishi la mahindi yamekuwa mengi.